Mikono Isiyoshika Rozari

Asubuhi ya kwanza nilidhani nimeilalia mikono. Vidole vilikuwa vimejaa kama vya mtu aliyeshinda kwenye beseni la kufulia, na nilipojaribu kuvikunja havikukunjika. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nyumbani kwetu Nizwa, Omani, wakati wa baridi, nikivingoja. Ilipokaribia saa nne vikalegea. Nikacheka peke yangu, nikavaa, nikaenda kazini nimechelewa.

Miaka tisa imepita tangu siku ile. Yaliyokuwa mabaya zaidi yamepita pia, au ndivyo anavyoniambia daktari. Nayaandika haya kwa mwenzangu aliyekaa leo ukingoni mwa kitanda chake akidhani ameilalia mikono. Ya kitabibu siyajui na sitayagusa. Nitasema yaliyonipata, na sitasema kwamba niliyavumilia, maana sikuyavumilia. Nimesoma vitabu vingi vya watakatifu walioumwa, na karibu wote wanatabasamu. Kuna siku vitabu hivyo vilinitesa kuliko maumivu yenyewe.

Naitwa Filomena. Wazee wangu ni Wagoa, lakini mie nimezaliwa Unguja mjini, na Kiswahili ndicho ninachootea ndoto. Nilisoma kwa masista. Pale shuleni palikuwa na mtawa mmoja, Sista Benedikta, ambaye hakufundisha kitu. Kazi yake ilikuwa kufua shuka za wenzake, kufagia kanisa na kufungua mlango mgeni akigonga. Wasichana wengine walitaka kuwa kama sista wa muziki. Mie nilitaka kuwa kama huyu. Alasiri alikaa nje ya chumba cha kufulia akishona vilivyochanika, na sisi wachache tuliompenda tulimzunguka atuhadithie watakatifu wake. Wenye vyeo hakuwataja. Aliwapenda bruda aliyekuwa bawabu mpaka kufa, mtawa aliyemenya viazi vya nyumba nzima, mtumishi aliyesali huku akisugua sakafu. Alituambia kwamba jambo dogo likifanywa kwa mapenzi Mungu hulipokea kama kubwa, nami niliamini moja kwa moja. Nilipofika miaka kumi na minane nikaomba kuingia utawani. Baba akakataa, na mie sikuwa na ujasiri wa kumkaidi.

Badala yake nikaolewa na Kaetano, fundi wa mashine, mtu mpole wa maneno machache. Mambo ya Unguja yalipobadilika tukahamia Dar es Salaam. Hatukujaaliwa watoto. Miaka ya sabini ilipokuwa imefika katikati, rafiki yake wa utotoni, Muomani wa Unguja aliyekwisha kupata kazi serikalini huku, akamwita aje kutunza jenereta za umeme Nizwa. Mie nikapata kazi hospitali, katika chumba cha kushonea. Nilishona shuka, mapazia na nguo za wagonjwa.

Chumba kile nikakifanya utawa wangu. Hakuna aliyejua ila Kaetano. Niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikafungua kabati la nguo, nikapiga magoti mbele ya sanamu ndogo ya Mtakatifu Yosefu niliyoiweka humo ndani, nikamtolea Mungu siku nzima. Kazini kila pindo la shuka lilikuwa na nia yake, hili kwa marehemu mama, hili kwa mgonjwa atakayelilalia. Kanisa lilikuwa Maskati, na tulifika mara moja kwa mwezi gari ikipatikana. Kengele ya kuniita kusali Malaika wa Bwana haikuwapo, basi niliingoja adhana ya adhuhuri, na wenzangu walipokwenda kutawadha mie nilisimama nyuma ya cherehani nikasali yangu kimya. Jioni ilikuwa rozari, mafumbo matano, kwa magoti, bila kuegemea. Nilijivunia sana ile bila kuegemea. Naisema wazi kwa sababu hapo ndipo ugonjwa uliponishika.

Baada ya vidole yakaja magoti, halafu nyayo, halafu taya. Joto lilipoingia nilikuwa siwezi kufungua mfereji wa maji, siwezi kukanda unga, siwezi kukuna nazi, siwezi kujichana. Kaetano akajifunza kunichana nywele, na alinichana kama mtu anayesugua kutu. Pete ya ndoa ilizama nyamani mpaka kidole kikawa cheusi. Akaja na kimsumeno cha karakana, akakizungushia kidole kitambaa chenye mafuta, akaikata taratibu, jasho likimtoka yeye kuliko mie. Ikakatika. Aliitia mfukoni mwa shati lake la kazi. Nilimwonea hasira kwa kunyamaza, na angesema neno pia ningemwonea hasira.

Rozari ikawa haishikiki. Punje zilikuwa ndogo na vidole havikusikia lini moja imekwisha na nyingine imeanza, nikawa napotea, narudi mwanzo, napotea tena. Ishara ya msalaba nayo, mkono haukufika kwenye paji la uso, ikabidi niinamishe kichwa kiufuate mkono. Asubuhi moja, Kaetano amekwisha toka, nikajilazimisha kupiga magoti mbele ya kabati. La kulia liliteremka, la kushoto likakataa, nikaanguka ubavu kati ya kitanda na ukuta. Nikabaki hapo. Nilijaribu kumtolea Mungu anguko lile kama nilivyofunzwa, lakini neno lililonitoka si la kuandikwa hapa.

Aliyenikuta ni Bi Zuwena, jirani yetu wa mlango wa pili. Yeye mzaliwa wa Malindi, Unguja, Mwislamu, mumewe akifanya kazi ofisi ya serikali, na alikuwa mkubwa wangu kwa miaka kama kumi na mitano. Alikuja na sahani ya mikate ya maji. Nilimwamkia shikamoo nikiwa sakafuni, maana adabu haikuwa imeumwa. Akaitika, akaweka sahani, akanishika makwapani akaniinua kitandani. Kabati lilikuwa wazi. Aliona sanamu, akageuza macho kwa heshima, akaurudisha mlango wa kabati kwa kidole. Kisha akaniuliza nilikuwa nafanya nini pale chini, nikamwambia nilikuwa nataka kusali.

"Kwetu sisi," akasema, "asiyeweza kusimama husali amekaa. Asiyeweza kukaa husali amelala. Akishindwa kabisa, kwa macho. Kwani nyinyi hamkupewa ruhusa hiyo?"

"Tumepewa."

"Basi nani kakunyima?"

Swali lile likaniudhi zaidi. Nikamwambia asiache mikate ikapoa.

Hospitali yetu ikanipeleka Maskati kwa daktari wa viungo. Tuliondoka kabla ya jua, na tulipopita Izki ndipo lilipokuwa linatokeza juu ya mitende. Kila shimo la barabara nililisikia kwenye taya. Chumba cha kungojea kilikuwa na mabenchi ya mbao yasiyo na mgongo, wanawake huku, wanaume kule, na feni moja iliyozunguka kwa wanaume. Ulipewa kipande cha kadi chenye namba, lakini karani hakufuata namba, aliita majina. Langu hakuliweza. Nilikuwa Fulumina, nikawa Falmina, na safari moja nadhani nilikuwa Fatma Amina, kwa hiyo sikuitika, nikarudishwa mwisho wa mstari. Ukishaitwa unapewa kichupa cha mkojo chenye kifuniko cha kuzungusha. Wagonjwa wa vidole, wanapewa kifuniko cha kuzungusha. Nilimwomba mwanamke nisiyemjua anifungulie, na alinifungulia bila kuniuliza kitu. Mwenzangu, wema wa chumba cha kungojea uko hivyo, mdogo na bila jina. Uchukue.

Daktari alisema nitadungwa sindano za dawa yenye dhahabu, moja kila wiki, ishirini, kisha tutazame. Bi Zuwena aliposikia alicheka mpaka akajifuta machozi, akasema wenzangu huivaa dhahabu, mie naifichia makalioni.

Sindano nne za kwanza nilidungwa Maskati, zilizobaki Nizwa. Ya tano nilidungwa wakati watu wanapanda mitende kuipachika maua ya dume ili izae. Hakuna kilichobadilika. Ya nane, hakuna. Ya kumi, hakuna. Kila Jumatatu nilikaa kwenye benchi nikiwatazama waliokuja na homa wakipona na kwenda zao, mie nikabaki kama samani ya pale. Nilinenepa uso, nikakonda mikono. Nilisahau lini mara ya mwisho nilifunga vifungo vya nguo yangu.

Kazini wakaninyang'anya cherehani. Kwa upole, lakini waliichukua, wakampa mwanamke mwingine, na mie wakaniweka mlangoni mwa stoo niwafungulie wanaoleta shuka chafu na wanaochukua safi. Tazama basi. Ubawabu na shuka za watu, kazi ile ile niliyoitamani tangu mtoto, sasa nilikuwa nayo, na niliichukia tangu siku ya kwanza. Niliketi kwenye kiti cha chuma nikaelewa kwamba nilichokipenda zamani ni hadithi ya bawabu. Mlango wenyewe ulikuwa na upepo wa vumbi na harufu ya shuka za wagonjwa.

Tulipokwenda Misa Maskati nikaingia kuungama. Nikamwambia padri, mzee aliyekuwa na kikohozi, kwamba nawachukia watakatifu. Nilitazamia ashtuke. Aliniuliza nasali rozari mafumbo mangapi. Nikamwambia matano, au najaribu. Akaniambia nisali fumbo moja tu, Salamu Maria kumi, nimekaa kitini, kisha nikalale, na hicho ndicho kitubio changu mpaka atakapobadilisha. Nilitoka nimeudhika kama mtoto aliyeshushwa darasa.

Halafu ikaja barua ya wifi yangu kutoka Goa. Aliandika kwamba Mungu huwatesa awapendao na kwamba yeye angeona fahari kuchaguliwa hivyo. Nilitaka kuichana ile barua, vidole havikuweza kuichana. Nikampa Bi Zuwena aichane. Akaisoma bahasha, akauliza kama ndani mna jina la Mungu. Nikasema limo kila mstari. Akasema basi haichaniki, akaiweka juu ya kabati. Iko huko mpaka leo.

Nilikuwa na rafiki wa shule, Luisa, mmoja wa wale tuliomzunguka Sista Benedikta. Yeye aliingia utawani kweli na alikuwa Tanzania bara. Nikaamua kumwandikia nimweleze kila kitu. Kwa kuwa mkono haukushika kalamu, nilimtamkia Kaetano aandike. Sikufikiri. Nilisema sisali tena ila kwa meno. Nilisema naamka kila siku nikitamani siku iwe imekwisha. Aliandika yote kwa mwandiko wake wa fundi, herufi kubwa zilizosimama wima, hakuinua uso. Alipomaliza aliniuliza jina la posta tu.

Wiki tatu baadaye nilirudi kazini alasiri nikakuta sanduku la safari juu ya kitanda, limefungwa. Kaetano alikuwa amesimama dirishani. Alisema amemwandikia dada yake kule Goa, naye amekubali kunipokea.

"Kule kanisa liko mlangoni," akasema. "Utakwenda Misa kila siku. Hapa unakauka."

"Na wewe?"

"Mie nina kazi."

"Unanipeleka kwa Mungu ili usinichane nywele."

Nilijua ni neno baya kabla halijamaliza kutoka. Kaetano akakaa kwenye ukingo wa kitanda, kando ya sanduku. Miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kumsikia akisema maneno mengi kama aliyoyasema pale.

"Nakuchana vibaya, najua. Mashine ikiharibika najua pa kushika. Wewe sijui nikushike wapi pasipouma. Nikikaa kimya unakasirika, nikisema unakasirika. Nimeandika barua yako kwa mkono wangu, Filo, kwamba unatamani siku ziishe. Siku hizo na mie nimo."

Nilikwenda kwenye sanduku kulifungua, nitoe nguo zangu. Lilikuwa na vifungio viwili vya chuma, vya kusukuma kwa dole gumba. Nikasukuma, havikusogea. Nikajaribu kwa kiganja, kwa kiwiko, nikalipiga kwa mkono mzima mpaka maumivu yakanipanda shingoni. Nililia kwa hasira mbele yake, mdomo wazi, makamasi yananitoka. Kaetano aliniacha nilie. Kisha akaweka madole gumba yake mawili juu ya vifungio, vikaruka, akalipindua sanduku na nguo zangu zote zikamwagika kitandani. Habari ya Goa haikutajwa tena.

Jibu la Luisa lilifika wakati wa sindano ya kumi na saba. Hakunipa pole nyingi. Aliandika kuhusu Sista Benedikta, ambaye alikufa miaka mingi nyuma. Aliniuliza kama kweli sikujua. Kumbe magoti yake yalikuwa yameharibika tangu sisi tukiwa shule. Kumbe kila Jumatatu, siku ya shuka, wenzake walimsikia chumba cha kufulia akigombana na Mungu kwa lugha ya kwao na kuipiga teke ndoo. Aliomba mara mbili aondolewe kazi ile, akakataliwa, na mara ya pili alikaa siku mbili hasemi na mtu. Kisha akarudi kwenye beseni.

Niliisoma barua ile mara tatu. Kwanza nilimkasirikia. Alituhadithia watakatifu wake wote, hakutuhadithia Jumatatu zake, na mie nikaishi miaka thelathini nikidhani unyenyekevu ni uso mtulivu. Baadaye, nimekaa kwenye kiti changu cha chuma mlangoni mwa stoo, mikono mapajani, nikaona kitu kama kamba kimelegea kifuani. Niliendelea kuichukia kazi ile. Ila sasa niliichukia pamoja na mtu.

Sindano ya ishirini ilifika na rutabu za kwanza, tende laini za mwanzo wa joto. Kesho yake asubuhi nikafunga kifungo kimoja, cha juu kabisa, mwenyewe. Nikamwita Kaetano atazame. Alitazama kile kifungo kwa muda mrefu, kama anavyotazama mashine iliyokubali kuwaka, akaenda kutengeneza chai. Ningependa kumalizia hapo, lakini wiki mbili hazikupita ngozi ikaniwasha mwili mzima, mdomo ukajaa vidonda, na daktari akasimamisha dhahabu. Majira yote ya joto nikarudi nilikotoka. Mfereji, vifungo, kitana. Kupona nusu kisha kunyang'anywa kuliniuma kuliko kutopona. Likikupata hilo, usijilazimishe kushukuru. Mie niligombana na Mungu mpaka baridi ilipoingia, na nilikaa kitini kugombana naye, saa ile ile ya jioni, kila siku. Nadhani hiyo nayo ni ibada. Kama si ibada, ndiyo niliyokuwa nayo.

Baridi hiyo walinianzishia sindano tena, kidogo kidogo, na safari hii mwili ukakubali. Sasa nadungwa mara moja kwa mwezi. Vidole vimelala upande na havitasimama tena. Cherehani sikurudishiwa, lakini yule mwanamke aliyepewa huniita nimwonyeshe kona za mapazia, nami namwonyesha kwa maneno. Nasali fumbo moja, nimekaa, bila rozari, na siku nyingine sifiki Salamu Maria ya saba. Yule padri alihama bila kubadilisha kitubio changu. Kaetano bado ananichana, na bado vibaya.

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye benchi hapa Nizwa nikingoja sindano. Pembeni yangu alikaa mwanamke wa Bahla, kijana, ameficha mikono chini ya shela. Alipoitoa kusawazisha nguo niliiona, nikajua, na yeye akaiona yangu. Akaniuliza kwa Kiarabu kama ugonjwa huu unaondoka. Kiarabu changu ni kidogo, hakina maneno ya kuzungusha.

"Hauondoki," nikamwambia. "Hupungua. Hurudi. Hupungua."

Alinitazama, nikadhani atalia. Akasema mama mkwe wake anamwambia asubiri, mumewe anamwambia ashukuru, na daktari anamwambia arudi wiki ijayo, na mie ni wa kwanza kumpa jibu. Kisha akaniuliza kama na mie huwa nakasirika. Nikasema kila siku. Akacheka, cheko fupi la puani.

Wakamwita jina lake. Alijaribu kunyanyuka, magoti yakamkatalia. Mikono yangu haiwezi kumvuta mtu, na yake haiwezi kushika. Nikapitisha kiwiko changu ndani ya kiwiko chake, akaelewa, tukaegemeana, tukainuka kwa mkupuo mmoja kama walevi wawili, huku watu wakitutazama. Tukaenda hivyo hivyo, hatua kwa hatua, mpaka mlangoni.

Karani akasema aingie mmoja. Tukaingia wawili.